Kahawa Iliyoninyamazishia Mguu

Nina vidole saba vya miguu. Nimevihesabu mara mbili, maana mimi sipokei hesabu bila kuirudia. Nilizaliwa na kumi. Vitatu nimeviacha hospitali ya hapa Dubai, katika chumba chenye baridi na taa nyeupe, na hakuna aliyeniuliza kama nakubali bei hiyo. Haya ninayaandika kwa ajili ya mtu mnene ambaye sasa hivi ana kikombe mkononi na anajiambia yuko sawa. Ndugu yangu, dada yangu, kaa nami kidogo. Endelea kunywa, sikukatazi. Nisikilize tu.

Naitwa Ezekieli, kwetu ni Kitale. Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu nilikuwa naishi Al Qusais, kwenye chumba kilichogawanywa kwa mbao, upande mmoja mimi na mke wangu, upande wa pili Waganda wawili wanaolinda maduka. Kazi yangu ilikuwa udalali. Nilinunua injini na giaboksi za magari yaliyotumika, nikawapelekea wateja Nairobi na Kampala. Kushusha bei ndiko nilikojua. Nilishusha bei ya injini, ya teksi, ya kunyolewa. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Mankhool, na alipenda kuwaambia wenzake kwamba hata siku ya harusi nilimuuliza pasta kama hana kiapo kifupi zaidi.

Nilikuwa mnene. Sitasema "nilikuwa na mwili" kama wasemavyo wenye adabu. Mwili kila mtu anao. Mimi nilikuwa na tumbo lililofika mahali kabla yangu na kunisubiri. Katika biashara yetu hilo halikuwa aibu. Muuzaji akiona tumbo anaona mtu wa kulipa, anatoa kiti. Nilipimwa presha kliniki moja nikaambiwa iko juu, sukari nayo iko mlangoni inabisha, na mafuta kwenye damu yamezidi. Nikapewa vidonge. Nilivimeza kwa muda, kisha nikaviacha, kwa sababu sikuwa naumwa popote. Nilijiona mjanja. Fundi gani anatengeneza gari linalowaka?

Sasa tuje kwenye kahawa.

Niliyenunua kwake zaidi alikuwa mzee mmoja, Mzee Nassor, Mzanzibari ambaye jamaa zake walikaa Dubai kabla ya minara yote hii. Ghala lake lilikuwa nyuma kabisa kwenye eneo la viwanda la Al Qusais, refu, safu baada ya safu za injini. Alikuwa mnene kama mimi, labda zaidi, ila kanzu humficha mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kimenyooka kiasi kwamba mimi mtu wa Kitale nilifungua mdomo kwa tahadhari. Kwake hapakuwa na biashara bila kahawa. Kahawa ya huku, nyepesi, rangi ya manjano, imejaa iliki. Anakumiminia kutoka kwenye mdila, birika lake la mdomo mrefu, kidogo tu, katika kifinjani kisicho na mkono. Pembeni kuna sahani ya tende. Ukimaliza anamimina tena. Ukitosheka unakitikisa kifinjani kidogo kwa vidole unapomrudishia, na mdila unapumzika. Kila mtu wa Ghuba anaijua desturi hiyo.

Mimi niliigeuza silaha. Niliona kwamba anayetikisa kikombe ni kama amesema, "Nimemaliza, sina neno tena." Kwa dalali hayo ni maneno ya kushindwa. Nikajiwekea sheria: sitikisi kikombe kabla bei haijashuka. Mzee aliitambua sheria yangu mapema, na badala ya kushusha bei, akawa anamimina.

"Bwana Ezekieli, bado hujatosheka?"

"Bei ndiyo haijatosheka, mzee."

"Basi kunywa, mwanangu. Kahawa ni ya bure. Injini ndiyo si ya bure."

Tulikaa hivyo asubuhi nzima, wanaume wawili wenye matumbo, tunapigana kwa vifinjani. Na kila kifinjani kilikuwa na tende yake, wakati mwingine mbili. Nyumbani nilijisifu kwamba kahawa ninayokunywa haina sukari hata chembe. Habari ya tende sikuigusa. Nikitoka kwa Mzee naenda ghala jingine, mdila mwingine, sahani nyingine.

Mzee alikuwa na ujanja wake. Injini nzuri aliziweka safu ya mwisho, ili mteja apite kwanza mbele ya takataka zote. Katikati ya njia hiyo kulikuwa na giaboksi ya lori, kubwa, imeota kutu, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiulizia. Kila tulipofika pale Mzee alisimama, akaiwekea mkono kama anayebariki mtoto, akaanza kuisifu.

"Tazama chuma hiki, bwana. Siku hizi hawakitengenezi tena. Hebu kigonge usikie."

Nilidhani ananichosha makusudi. Nilikuwa nagonga kwa heshima tu.

Mpaka siku moja tulipokuwa tunaikaribia giaboksi ile, shavu la mguu wangu wa kushoto likakaza, kama mtu amelibana kwa koleo na anazungusha. Nikasimama. Bahati yangu Mzee naye alikuwa amesimama. Nikaisikiliza sifa ya giaboksi kwa moyo wote, nikaigonga bila kuambiwa, nikauliza ilitoka kwenye lori gani. Kufikia mwisho wa hadithi, maumivu yalikuwa yamekwisha. Tukaendelea kutembea kana kwamba hakuna lililotokea.

Kuanzia hapo nikaipenda giaboksi ile. Ilikuwa kituo changu.

Mjini nako nikajitafutia vituo. Mguu ukibana, nasimama mbele ya duka, naangalia kioo. Ukiachia, naendelea. Siku moja nilikuwa natembea na Mama Neema kumsindikiza kazini, nikasimama.

"Baba Neema, unaangalia nini?"

"Naangalia bei."

"Hilo ni duka la sidiria."

Nikainua macho. Kweli.

"Unamnunulia nani?" akauliza. "Ama ni zako? Maana hicho kifua kinaelekea huko."

Wapita njia wawili Wafilipino hawakuelewa Kiswahili lakini walicheka, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeonyesha kifua changu. Sikumwambia habari ya mguu. Nilijua atanipeleka hospitali, na hospitali nilijua watasema punguza. Mimi kazi yangu ni kuwaambia wengine wapunguze.

Wakati huohuo ujumbe ulikuwa unazunguka kwenye WhatsApp ya Wakenya wa huku, mojawapo ya zile zinazoandikwa "imetumwa mara nyingi". Ulisema kahawa inafungua mishipa ya damu ya watu wanene. Sikumwuliza aliyeutuma ameutoa wapi. Niliusoma kama mshtakiwa anavyosoma barua ya kuachiliwa. Na mimi si mtu wa kuamini tu, nikaufanyia jaribio. Siku moja nikatembea ghalani bila kahawa: maumivu yakanikamata kabla ya giaboksi. Siku nyingine nikanywa kwanza, nikanywa sana, kisha nikatembea: nikaipita giaboksi bila kusimama, nikafika karibu na safu ya mwisho. Nikarudia jaribio. Likatoa jibu lilelile.

Siku niliyoipita giaboksi, Mzee alibaki nyuma amesimama pale peke yake. "Una haraka gani leo?" akaniita. "Hata hujui kusikiliza."

"Nimepona, mzee," nikamjibu. Yeye hakujua nilikuwa naumwa nini, akanitazama kama mtu mwenye homa.

Hivyo ndivyo nilivyojitibu. Vidonge viko chini ya kitanda, mdila uko mbele yangu. Mguu ukaanza kupoa. Naumaanisha ubaridi wenyewe: ukiugusa ulikuwa kama bomba la maji ya friji. Ngozi ikang'aa, nywele za mguuni zikaanguka upande mmoja tu, kucha zikawa nene na njano. Nikilala unauma, nikiuning'iniza nje ya kitanda unatulia. Mama Neema alijikwaa kwenye mguu huo kila alipoamka, na kila mara akautukana kwa jina langu kamili. Nilimwambia ni joto. Mguu wa baridi, nasema ni joto.

Kilichonimaliza ni kiatu. Nilihitaji viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Nikamkuta Mpakistani anauza jozi ya mwisho, nikamshusha bei mpaka akashika kichwa. Nilitoka pale nacheka. Vilikuwa vidogo kwa namba moja, ndiyo sababu vilikuwa vya mwisho, na ndiyo sababu alikubali. Kiatu cha kushoto kikanichubua kidole kidogo. Kidonda kama punje ya mtama. Hakikuuma, nami nikakipuuza. Kwa mtu mwenye damu mguuni, kidonda kama kile kinafunga chenyewe. Changu hakikufunga. Kilibadilika kutoka chekundu kikawa cha zambarau, kisha kijivu, kisha cheusi. Nilikiona kila siku nilipovua soksi na kila siku nilikiambia kesho.

Halafu ikaja harufu.

Mganda mmoja ndiye aliyesema kwanza. "Kuna panya amekufa humu." Tukatafuta wote. Tukavuta friji, tukainua magodoro, Mama Neema akapiga magoti akamulika chini ya kabati kwa simu. Nami nilitafuta kwa bidii kuliko wote. Nilikuwa nimevaa soksi. Kila nilipotafuta, harufu ilikuwa pale, na nilipohamia upande mwingine, ikahamia.

Mama Neema alikuwa bado amepiga magoti sakafuni. Akageuza kichwa polepole, pua yake ikiwa karibu na mguu wangu.

"Vua," akasema.

"Mama Neema, tutafute kwanza nyuma ya..."

"Vua soksi, Ezekieli."

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniita Ezekieli mbele za watu kwa sauti ile ya chini. Nikavua. Soksi ilitoka na ngozi. Mganda mmoja akatoka nje mbio, tukamsikia akitapika kwenye ngazi. Mwenzake akasema, bila nia mbaya kabisa, "Basi panya tumempata."

Hospitalini tulimkuta daktari wa mishipa, mama Msudani, mwembamba, mkali, anayeongea Kiingereza akichanganya Kiarabu. Hakukitazama kidole kwanza. Aliweka vidole viwili juu ya mguu, pale ambapo kamba za kiatu hupita, akatulia kama anayesikiliza mlangoni. Akahamisha nyuma ya kifundo. Akaenda nyuma ya goti. Akarudi tena.

"Hapa panapaswa kupiga," akasema. "Hapapigi."

Wakanipaka jeli baridi, wakapitisha kile kipimo kinachotoa sauti ya damu. Mguu wa kulia ulisikika ukivuma kama upepo kwenye bomba. Wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa kimya. Niliusikiliza ukimya ule na kwa mara ya kwanza nikaogopa.

"Mshipa umeziba," daktari akasema. "Hiki kidole kimekufa. Viwili vya jirani vinakifuata. Nikiufungua mshipa na damu ikashuka, nitakata vidole. Isiposhuka, nitakata hapa." Akapitisha ukingo wa mkono chini ya goti langu, kama mtu anayepima kitambaa.

Nadhani mtu mwingine angelia. Mimi nilifanya ninachokijua.

"Daktari, tuanzie kidole kimoja."

"Unasema nini?"

"Kidole kimoja. Hicho kidogo, nakubali, kimeharibika. Lakini mguu mpaka goti, hiyo ni bei ya mtalii."

Akamgeukia mke wangu. "Huyu yuko sawa kichwani?"

"Ndivyo alivyo, madam," Mama Neema akasema. "Kichwa ndicho kimebaki kizima, kwa bahati mbaya."

Daktari akavuta kiti akakaa. "Sikiliza, bwana. Mimi siuzi kitu. Anayeuza ni mguu wako, na hauna masikio. Kila siku uliyochelewa ulikuwa unapandisha bei. Nani alikuwa anakutibu?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya kahawa kwa fahari kidogo, lazima niseme. Jaribio langu, nilivyoipita giaboksi, nilivyorudia. Nilitegemea aandike.

Hakuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile.

"Kahawa sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe ninakunywa. Ina vitu vinavyoweza kuusaidia mshipa kulegea kidogo, na ina kafeini inayopandisha presha kwa muda. Wataalamu bado wanabishana faida ni kiasi gani. Lakini mtu mwenye uzito wako, mwenye sukari, presha na mafuta kwenye damu, ukuta wa mshipa wake umekakamaa na umejaa uchafu. Hakuna kikombe kinachokwangua uchafu huo. Na kweli, kafeini inaweza kukufanya utembee zaidi kabla ya kuumwa. Hilo hukuliota. Ila mshipa haukufunguka. Mguu ulikuwa unapiga kelele, wewe ukaufunga mdomo."

Nikautazama mguu wangu. Kisha nikauliza, "Na tende?"

"Tende ngapi?"

Mama Neema akanitazama. Nikatazama dari. Daktari akacheka kwa pua. "Khalas. Nimeelewa."

Walinifungua mshipa nikiwa macho. Waliingilia kwenye kinena, wakapitisha waya mwembamba mpaka chini, na puto dogo la kusukuma uchafu kando. Puto lilipojazwa nilihisi mguu unapasuka kutoka ndani. Nililia kama mtoto. Muuguzi wa kiume, Mhindi, alikuwa ananifuta jasho akiniambia "yalla, yalla, karibu tumalize", kwa sauti ya mtu anayesubiri chakula chake cha mchana.

Baadaye vidole vitatu vikakatwa: kile kidogo na majirani wake wawili. Kidonda kiliachwa wazi, hakikushonwa, ili kijazwe na nyama kutoka chini. Kukibadilisha bandeji ni jambo ambalo simtakii hata yule aliyetuma ujumbe wa WhatsApp. Na kidole kidogo, ambacho hakipo, kikaanza kuwasha. Mpaka leo huwasha. Huwezi kujikuna mahali ambapo hupo.

Lakini swali la goti lilikuwa bado halijajibiwa. Daktari alisema tusubiri tuone kama nyama itaishi. Alipita kila asubuhi, akaweka vidole vyake viwili, akasikiliza, akaondoka bila neno. Nilijaribu kumsoma uso kama ninavyowasoma wauzaji. Yule mama angekuwa dalali, mimi ningekufa maskini.

Mama Neema alikuwa akija akitoka kazini, ananuka sabuni ya vyoo vya hoteli. Hakunibembeleza. Aliketi kwenye ncha ya kitanda, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akasema, "Ukikatwa goti nitakurudisha Kitale ukalinde kuku." Siku nyingine: "Arbab wako, yule mdhamini wa viza yako, amepiga simu. Anauliza kama utarudi mzima ama atafute mwingine." Alisema hayo yote akiwa ameushika tu mguu, hauachi.

Kisha siku moja akaja, akaushika, akaanza kuniambia jambo juu ya msimamizi wake, akakatiza katikati. Akauachia. Akaushika tena. Akaweka shavu lake juu yake, pale juu ya bandeji.

"Baba Neema."

"Nini?"

"Una joto."

Alilia mpaka muuguzi akaja kuuliza nani amekufa.

Kupona kwangu hakukuwa na muujiza, kulikuwa na kutembea. Daktari alisema: vidonge kila siku bila kuviacha, uzito ushuke, na tembea mpaka mguu ubane, simama mpaka uachie, tembea tena. Maumivu yaleyale niliyoyakimbia ndiyo yaliyokuwa dawa. Na akaniambia nitembee bila kahawa kwanza, ili nijue ukweli wa mguu wangu, kisha nikitaka kikombe ninywe.

Nje kulikuwa na joto la kuua, kwa hiyo Mama Neema alinipeleka kwenye lile daraja la kioo la stesheni ya metro, lenye kiyoyozi na mikanda inayotembea yenyewe. Nilipoiona mikanda nikafurahi. Yeye akasimama mbele yangu.

"Hiyo si yako. Hiyo ni ya watu wenye vidole kumi."

Nikatembea kando ya mkanda, nikichechemea, wazee wa Kihindi wakinipita wamesimama tu. Mguu ukibana, Mama Neema ananihesabia pumzi kwa sauti, watu wanageuka. "Simama. Usiangalie maduka! Hakuna duka hapa, unaangalia nini?" Nikilalamika ananiambia, "Pigana bei na daraja." Nilipigana. Nililipunguza polepole. Kwanza nusu yake, kisha lote, kisha kwenda na kurudi. Wali ulipungua kwenye sahani, tende zikaondoka kabisa mezani. Tumbo likaanza kufika pamoja nami.

Nilipoweza kusimama kama mtu, nikarudi kwa Mzee Nassor. Nilikuwa na mteja wa Kampala anataka injini. Mzee akanikumbatia, akanitazama juu mpaka chini.

"Alaa! Nusu nyingine ya Ezekieli umeiwacha wapi?"

Akamimina. Nikanywa kifinjani kimoja. Nikakitikisa.

Mzee akabaki ameinua mdila hewani. "Hatujataja hata bei."

"Najua."

"Wewe unaumwa bado," akasema.

Tukainuka kwenda safu ya mwisho. Nilitembea bila kubanwa, namshukuru Mungu kwa kila hatua, na kwa kuwa sikuwa nasikiliza mguu wangu, nikayasikia ya mwenzangu. Pumzi. Mburuzo wa kiatu. Tulipofika kwenye giaboksi akasimama, akaiwekea mkono.

"Tazama chuma hiki, bwana..."

Nami nikatazama. Sikuitazama giaboksi, nilimtazama yeye. Jasho kwenye mdomo wa juu. Mguu mmoja ameuinua kisigino kidogo, hauwekei uzito. Mkono umeshika chuma kwa nguvu ya mtu asiyetaka kuanguka. Miaka yote ile nilidhani ananichosha. Tulikuwa wagonjwa wawili kwenye kituo kimoja, kila mmoja akimshukuru mwenzake kimoyomoyo kwa kusimama.

"Mzee," nikasema, "unaumwa shavu la mguu."

"Nani kasema? Naisifu bidhaa yangu."

"Ukinywa kahawa unatembea zaidi."

Akanitazama kama nimemchungulia chumbani.

Nikampa bei ambayo sijawahi kumpa mtu. "Injini naichukua kwa bei yako ya kwanza. Sipunguzi. Vua kiatu, niguse mguu wako, kisha twende hospitali leo."

"Wamekukata vidole au ubongo?" akasema. Lakini dalali asiyepunguza alimtisha. Akakaa juu ya giaboksi yake, akavua. Nilipiga magoti kwenye grisi, nikaweka vidole viwili pale zinapopita kamba. Nikatafuta. Nikatafuta mara ya pili. Ulikuwa baridi kama chuma alichokalia.

Nilimweleza yote. Panya, puto, goti. Alisikiliza, akavaa kiatu chake.

"Ngoja kontena hili liondoke. Inshallah mwezi ujao. Mimi mwenzio mguu wangu hauna kidonda, na kahawa yaniweka sawa."

Nilimsihi. Mke wangu alimpigia simu, akamtukana kwa heshima. Mzee akacheka, akamsifu kwa ulimi wake. Kontena liliondoka, likaja jingine. Kisha akajikata kucha vibaya, na kwa sababu kwake hakuna aliyethubutu kumwambia vua soksi, alifika hospitali akiwa amechelewa. Walimkata pale ambapo mimi nilipimiwa tu.

Nilimtembelea nyumbani. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kanzu imekunjwa upande mmoja, mdila mezani. Akanimiminia kifinjani. Kisha akaninyooshea kidevu miguuni.

"Umebakiwa na vingapi?"

"Saba."

Akajihesabu. "Mimi vitano. Umenipunja viwili, mshenzi wewe."

Tukacheka mpaka mkewe akaja kutuchungulia. Kisha akaacha kucheka kabla yangu. "Ile giaboksi," akasema, "ichukue. Bure."

"Punguza kidogo, mzee," nikamwambia, na hapo ndipo alipolia.

Kwa hiyo wewe unayesoma, hasa mwenye tumbo: kunywa kahawa yako, si adui. Ila usiifanye daktari. Ukitembea shavu la mguu likabana na ukisimama likaachia, usiutafutie duka la kuangalia. Kama mguu mmoja ni baridi kuliko mwenzake, kama una kidonda kisichofunga, nenda leo, na umeze vidonge ulivyopewa hata kama huumwi. Na usivae kiatu kidogo kwa sababu ni cha bei nzuri. Mwombe unayelala naye akuwekee vidole viwili juu ya mguu. Kama hakipigi chochote pale, mwambie atafute tena, kisha muondoke pamoja.

Namshukuru Mungu, na yule mama Msudani aliyekataa kushusha bei. Mama Neema simshukuru kwa maneno, hayapokei. Yeye kila asubuhi kabla ya kwenda Al Mankhool anaingiza mkono chini ya blanketi, anashika mguu wa kushoto, anahesabu mpaka viwili, anashika wa kulia, anahesabu mpaka vitano. Halafu anarudia. Vyote saba vina joto. Ndipo anapoteleka maji ya kahawa.